Paka wa Nyumba Ana Sukari

Mama mmoja wa Mkomani, Amu (Lamu), ameleta swali ambalo najua litawachekesha wengine. Paka wake dume, aliyehasiwa akanenepa, amegundulika ana ugonjwa wa sukari, na daktari wa mifugo amemwandikia insulini, sindano mbili kwa siku. Mavyaa wake amekasirika. Jirani wa ukuta kwa ukuta ana sukari na kuna miezi hukosa pesa za dawa. Vipi nyumba hii inunue insulini ya paka? Mama anauliza kama anafanya israfu, na kama si israfu, amtunze vipi mnyama huyu bila kumdhuru.

Mavyaa ana hoja, na mkubwa akisema hoja haijibiwi kwa kununa. Jirani akilala bila dawa nawe una uwezo, anza na jirani. Hilo halina mjadala, hata paka angekuwa wa sultani. Ila hesabu ipigwe yote. Paka anayeanza matibabu kwa kawaida hupigwa uniti moja hivi asubuhi na moja jioni. Chupa ya mililita 10 ya insulini ya binadamu ina uniti 1,000, na ikishafunguliwa muda wake ni wiki nne hivi, kwa hiyo humwagwa ikiwa karibu imejaa. Pesa nyingi huenda kwenye vibanzi vya kupimia damu, nauli ya boti hadi Mokowe na basi la kwenda kumwona daktari. Nyumba inayoziona pesa hizo ni israfu, kisha ikakopa kwa ajili ya mapambo ya arusi, haijamwonea jirani huruma; imemchoka paka tu.

Tena mwanadamu ndiye aliyeanza kumkopa mnyama. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na waliotolewa kongosho ili Banting na Best wapate jibu walikuwa mbwa. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa dawa hiyo. Kwa miaka sitini hivi iliyofuata, wagonjwa wa sukari duniani waliishi kwa kongosho za ng'ombe na nguruwe wa machinjioni, mpaka insulini ya kutengenezwa kwa bakteria ilipoidhinishwa mwaka 1982. Anayesema dawa hii ni ya watu na wanyama waiachie, asome tena alikoitoa.

Hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka sote tumefundishwa chuoni tukiwa wadogo. Hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie. Watu huishika kama hadithi ya ukatili, nami naiona zaidi kuwa ni hadithi ya kushika kitu kisha usikitunze. Paka wa vichochoro vya Amu, wale wembamba wa miguu mirefu wanaongoja matumbo ya samaki ufukweni, sukari haiwapati kirahisi. Wanatembea, wanapigana, wanalala na njaa. Anayepata ni wa ndani: dume, mzito, aliyehasiwa, umri umesogea, anayelala juu ya kochi na kupewa chakula kila akilia. Uzito huo hakujipa mwenyewe. Sisi ndio tuliomtia ndani, tukamlisha wali na vipande vya mahamri vya chai ya asubuhi. Paka wa nyumba haingwa, walisema wazee, na huyu wako, mama, ni wa nyumba hasa. Kumbeba kwenye kikapu usiku ukamwache sokoni kwa samaki kwa kuwa amekuwa gharama, hilo ndilo la kuogopa.

Kwa hiyo israfu hakuna, maadamu jirani hajasahauliwa. Sasa nije kwenye linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni mapenzi yako.

Paka mwenye sukari hafi haraka kwa kukosa sindano moja. Hufa haraka kwa kuzidishiwa. Sukari ikipanda leo atakunywa maji mengi na kukojoa mengi, kesho utamrudisha kwenye njia. Sukari ikishuka mno, ubongo unakosa chakula saa hiyo hiyo: anayumba, anatetemeka, anaangalia ukuta, anaanguka kifafa. Na wanaozidisha si wakatili. Ni wenye huruma, waliopima asubuhi wakaona 20 (mmol/L), roho ikawauma, wakaongeza uniti mbili bila kumuuliza mtu. Kumbe pengine ile 20 imekuja baada ya sukari kushuka sana usiku, mwili ukajitetea kwa kuitoa sukari ya akiba, na wao wakamwongezea kilekile kilichomwangusha. Dozi haipandishwi kwa kipimo cha siku moja. Hupandishwa na daktari, kwa nusu uniti au uniti, baada ya siku kadhaa za kuandika. Kujizuia mkono ni kazi ngumu kuliko kudunga, nawe mama inakubidi ujifunze.

La pili ni mikono mingi. Nyumba zetu zina watu: bibi, wifi, msichana wa kazi, watoto wa shangazi waliokuja likizo. Kila mmoja anampenda paka. Mama anadunga alfajiri, anaenda sokoni. Wifi anaamka, anamwona paka amelala karibu na bakuli, anasema masikini hajapigwa. Dozi mbili. Chagua mtu mmoja, na msaidizi mmoja anayejulikana, na daftari lifungwe kwa uzi kwenye mlango wa friji: saa, amekula au hakula, sukari imesoma ngapi, uniti ngapi, nani. Kinachofanyika kiandikwe papo hapo.

Na ukitia shaka kama umempiga au hukumpiga, usimpige. Katika sala, aliyesahau kama ni rakaa ya tatu au ya nne hujenga juu ya tatu akaongeza moja. Hapa kinyume chake: shaka haiongezwi kitu. Subiri sindano ya jioni.

Lakini daftari halina faida katika nyumba ambayo watu wanaogopa. Msichana wa kazi aliyesahau sindano, au aliyeona nusu ya dawa imemwagikia manyoya, ataandika kwamba amepiga ikiwa anajua kusema kweli kutamletea matusi. Kisha wewe utapima, utaona sukari iko juu ingawa "amepigwa", utampigia daktari, na daktari ataongeza dozi kwa sababu ya uongo wa hofu. Hapa ndipo tabia ya mwenye nyumba inapoingia kwenye damu ya paka. Aliyesahau aseme, na akisema asikaripiwe. Siku ya kwanza atakapokuja kukiri, mshukuru mbele ya wengine. Hilo litalinda zaidi kuliko kufuli kwenye friji.

Kuhusu saa, Amu mmebarikiwa. Kisiwa kiko nyuzi mbili hivi kusini mwa ikweta, na mchana na usiku wenu hukaribia kulingana mwaka mzima. Insulini ya paka inataka saa kumi na mbili kati ya sindano na sindano. Jua likishatoka, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua likizama, saa kumi na mbili na nusu jioni. Mtu wa Ulaya anayehangaika na kengele ya simu hana mwadhini wa kumkumbusha. Angalizo ni Ramadhani. Paka hafungi. Usimpige wakati wa daku eti kwa kuwa mmeshaamka, maana saa zake zitakuwa chache upande mmoja na nyingi upande wa pili. Na jioni, mikono yote ikiwa kwenye tende na uji wa futari, awepo mmoja wa kumkumbuka. Kwanza ale, ndipo apigwe. Akikataa chakula, au akitapika, usimpige dozi nzima kwa mazoea, mpigie daktari.

Kupima si kwa kutisha. Keti chini na mgongo ukutani, paka mapajani. Litie sikio joto kwa kitambaa kilichochovywa maji ya vuguvugu, weka pamba nyuma yake, uchome pembeni kabisa mwa sikio, ambapo mshipa mwembamba unaonekana ukielekeza taa. Tone dogo kama kichwa cha kiberiti linatosha. Bonyeza pamba mpaka damu ikauke, kisha mpe kipande cha samaki kikavu, kila mara, ili sikio lake lizoee kwamba baada ya uchungu huja kitu. Kipimo cha nyumbani kina ukweli ambao cha kliniki hakina, kwani paka aliyetiwa kapuni, akavushwa kwa boti na kuwekwa juu ya meza ya mgeni anaweza kusoma zaidi ya 15 kwa hofu tu, hata asiye mgonjwa. Mzima aliyetulia huwa kati ya 4 na 7 hivi. Mashine za binadamu husoma damu ya paka chini kidogo ya ilivyo, kwa hiyo usibadilishe mashine ovyo. Mwombe daktari akuandikie namba moja: ile ambayo ikisoma chini yake humpigi.

Sindano yenyewe ni jambo la dakika. Inua ngozi iliyolegea ya ubavuni, dunga chini yake akiwa anamalizia kula. Wengi hawageuki hata kutazama.

Kosa la kuogopwa ni kuchanganya bomba la paka na la bibi anayedunga insulini. Insulini ya binadamu hapa kwetu ni ya uniti 100 kwa mililita. Nyingi ya zile za wanyama ni za uniti 40. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta ya 100 kwa bomba la 40, paka amepata mara mbili na nusu ya alichoandikiwa. Na usiichukue dawa ya bibi yenyewe kwa kukisia, kwa kuwa tu imo ndani ya friji. Kuna insulini za binadamu ambazo madaktari huwapa paka, lakini aina na kiasi si vya kubahatisha, na dawa ya bibi ni haki ya bibi.

Umeme ukikatika usikimbilie barafu ya wavuvi. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Wagonjwa wa kambi ya Dagahaley kule Dadaab, kaunti jirani yenu ya Garissa, wamefundisha dunia jambo hapa. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza insulini za binadamu katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama lilivyo ndani ya nyumba za kambini, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yakaonyesha nguvu yake ilibaki kwa wiki nne. Basi usiku mmoja bila umeme si msiba. Chupa iwekwe kivulini, ndani ya mtungi wa udongo uliolowa, mbali na dirisha. Kwa insulini ya wanyama, shika maandishi ya boksi lake, pamoja na namna ya kuichanganya, maana nyingine huviringishwa taratibu viganjani na nyingine hutikiswa.

Chakula kiwe samaki aliyechemshwa, kuku na nyama; wali, ugali, mkate na mahamri viishe. Akiwahiwa mapema na kulishwa hivyo, wapo paka wanaofika mahali wakaacha kuhitaji sindano kabisa, na ndiyo maana kupima hakuachwi hata mambo yakinyooka, kwa sababu dozi ya mwezi jana inaweza kuwa sumu ya mwezi huu. Waambie na majirani, kwa adabu, kwamba paka huyu akipita juu ya dari asipewe kitu.

Ukimkuta anayumba, pima ukiweza, usipoweza usingoje. Paka hana ladha ya utamu, jambo lililothibitishwa kwenye chembe zake za urithi mwaka 2005, kwa hiyo asali hataifuata mwenyewe. Mpake kidogo kwa kidole kwenye ufizi, rudia, na usimmiminie mdomoni akiwa amezimia, isije ikamwingia mapafuni. Akipata nguvu ya kumeza, mlishe, kisha mpigie daktari hata kama amesimama.

Sindano zilizotumika usizitupe kichochoroni, wanapokanyaga watoto pekupeku na punda. Zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, uulize hospitali au daktari wako wapi pa kuipeleka.

Mama ameuliza mwishoni kuhusu safari. Ana wazee Siyu, kisiwani Pate, na boti za huko zikipita mkondo wa Mkanda hungojea maji yajae. Maji hayangojei sindano ya paka. Msaidizi wa daftari awe ameshafundishwa kabla, apige mara kadhaa wewe ukimtazama. Ikiwa hakuna mtu wa kumdunga na boti inaondoka saa tisa mchana, usimpige saa tisa ili uende na moyo mtulivu. Mwachie jirani maji na samaki wa kumlisha, sindano ya jioni ipite, umpige asubuhi ukirudi.