Amana Ina Mwenyewe



Wiki mbili kabla ya uchaguzi wa jumuiya yetu, ndugu mmoja aliniletea fomu ya kugombea uamiri akaniuliza, "Sheikh, hii inafaa?" (Wananiita sheikh kwa sababu nasoma Masomo ya Kiislamu. Usheikh wenyewe bado uko mbali.) Nikamjibu haraka, kama mtu aliyetoka darasani jana. Nilimtajia hadithi ya Abdurrahman bin Samura (r.a.), ambaye Mtume (s.a.w.) alimkataza kuomba uongozi, kwa kuwa anayeuomba huachiwa mwenyewe na anayepewa bila kuomba husaidiwa. Yeye akanirudishia Nabii Yusuf (a.s.), aliyemwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi. Tukaachana, kila mmoja na dalili yake.

Wanazuoni wamekwisha kuzioanisha dalili hizo mbili. Yusuf hakutafuta ukubwa. Njaa ilikuwa inakuja na yeye ndiye aliyekuwa na elimu ya kuikabili. Lakini nilipokuwa njiani kurudi chumbani niliona kwamba tulikuwa tumegombania swali dogo. Mtu akishakaa kwenye kiti, awe aliomba au hakuomba, kiti hicho kinampa haki gani juu yetu? Na sisi kinatudai utii wa namna gani?

Nchi yetu ya Rwanda imejibiwa swali hilo kwa gharama kubwa, na jibu lenyewe limo katika historia ya ofisi moja: ofisi ya Waziri Mkuu.

Grégoire Kayibanda aliwahi kuwa Waziri Mkuu kabla ya uhuru. Alipokuwa Rais mwaka 1961 cheo hicho kilitoweka, na serikali yote ikawa chini ya mtu mmoja. Juvénal Habyarimana alipompindua tarehe 5 Julai 1973 hakukirudisha. Kilirudi mwaka 1991, vyama vingi viliporuhusiwa, na Julai 1993 kikamfikia Agathe Uwilingiyimana, mwanamke wa kwanza kukishika hapa kwetu. Alikuwa mwalimu wa kemia. Kabla ya hapo, akiwa Waziri wa Elimu, alikuwa ameondoa utaratibu wa kugawa nafasi za shule kwa kabila, ili mtoto aingie kwa alama zake. Sisi tunaokaa leo katika kumbi za chuo bila kuulizwa kabila tungefaa kulijua jina lake zaidi ya tunavyolijua.

Ndege ya Rais ilipotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, yeye ndiye aliyebaki mkuu wa serikali. Alitaka kwenda Redio Rwanda asubuhi kuzungumza na wananchi. Hakufika. Askari wa ulinzi wa Rais walimuua tarehe 7 pamoja na mumewe, na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa na Umoja wa Mataifa kumlinda wakauawa pia. Watoto wake walisalimika, na miongoni mwa waliowaokoa alikuwa Kapteni Mbaye Diagne, Muislamu kutoka Senegal, ambaye aliendelea kuwatorosha watu Kigali hadi alipouawa tarehe 31 Mei.

Siku mbili baada ya kuuawa kwa Agathe, tarehe 9 Aprili, ofisi ileile ilikuwa na mtu mwingine, Jean Kambanda. Jina la cheo halikubadilika. Barua zilitoka na amri zikashuka, kutoka kwa waziri hadi mkuu wa mkoa, kutoka kwa mkuu wa mkoa hadi kwa bwana meya wa komini, hadi kwa mtu wa mtaani mwenye panga. Mkuu wa mkoa wa Butare, Jean-Baptiste Habyalimana, alikuwa ameyazuia mauaji katika mkoa wake. Akaondolewa kazini, na baadaye akauawa. Tarehe 19 Aprili viongozi wa serikali, Kambanda akiwa miongoni mwao, walikwenda Butare kumtawaza mwingine, na baada ya hapo Watutsi wa Butare nao wakaangamizwa.

Hapa ndipo ninapopata taabu na namna tunavyofundishana darsani. Aya ya 59 ya Surat an-Nisaa, inayotuamrisha kuwatii wenye mamlaka, tunaihifadhi sote. Aya iliyo nyuma yake, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe na hukumu iwe ya uadilifu, tunaipita kama kituo cha basi. Ilhali hiyo ndiyo iliyotangulizwa.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alituma kikosi na akakiwekea amiri. Amiri yule akakasirika siku moja, akawaamuru watu wake wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani, kwa hoja kwamba wameamrishwa kumtii. Baadhi yao walikaribia kuingia. Wengine wakasema wao walimkimbilia Mtume ili kuukimbia moto. Habari zilipomfikia, Mtume alieleza kwamba lau wangeingia wasingetoka humo kamwe, na kwamba utii ni katika jambo jema tu. Amiri yule aliteuliwa na Mtume mwenyewe! Hakuna uteuzi halali kuliko huo, na bado haukutosha kuihalalisha amri yake.

Najua pingamizi: kila mtu akianza kupima amri, hakutakuwa na serikali. Ni pingamizi lenye uzito. Kodi, umuganda, sheria za barabarani, hatutii kwa sababu kila moja tumeikubali. Lakini waliokataa kuingia motoni hawakumpindua amiri wao wala hawakukimbia kikosi. Walisimama tu pale walipokuwa.

Kambanda alikiri makosa yake mbele ya Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha mwaka 1998, na tarehe 4 Septemba akahukumiwa kifungo cha maisha, mkuu wa serikali wa kwanza kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari. Cheo hakikumpunguzia. Majaji walikihesabu kuwa kinazidisha kosa: alikabidhiwa jukumu la kuwalinda raia, naye akaisaliti amana hiyo. Majaji wale hawakuwa makadhi, lakini nilipolisoma neno hilo nilimkumbuka Abu Dharr (r.a.), aliyeomba kazi ya uongozi akaambiwa kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba hiyo ni amana itakayokuwa majuto Siku ya Kiyama ila kwa aliyetekeleza haki yake.

Mimi ni mtu wa Mudende. Julai 1994 serikali ile ya Kambanda ilikimbilia Gisenyi, hapo chini kando ya ziwa, kisha ikavuka mpaka kwenda Goma. Vyeo walivuka navyo. Watu waliopaswa kulindwa na vyeo hivyo walikuwa wamezikwa nyuma yao, wengine katika chuo kilichokuwa hapa kwetu Mudende.

Yule ndugu nilimrudia baada ya siku tatu. Nikamwambia sina tena shida na kuomba kwake. Ninachotaka kujua ni nani katika jumuiya atakayemkatalia siku akikasirika. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo. Fomu ameijaza. Kwenye nafasi ya mdhamini ameandika jina langu, nami bado sijatia sahihi.