Radhi ya Mdogo

Mwaka jana, Idi pili, baba aliniita barazani akaniombea dua mbele ya majirani. Tangu apate kiharusi upande wake wa kulia hauna nguvu, kwa hiyo aliniwekea kichwani mkono wa kushoto. Alisema ana radhi nami, duniani na akhera. Wazee wakaitikia amina. Mtaani kwetu Kivinje mimi ndiye mfano: nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, na kila mwezi natuma hela ya dawa.

Uani, mdogo wangu alikuwa anafua shuka za baba.

Muhula uliofuata tulisoma picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao za kuchonga. Utagawa Kuniyoshi (1798–1861) alichora visa 24, asili yake China, vya watoto waliowatunza wazazi wao kupita kiasi. Mmoja anajilaza ili mbu wamuume yeye, wawaache wazazi. Nilicheka. Mbu wa Kivinje wangemmaliza, kisha wangehamia kwa wazazi.

Kisha nikafika kwa Guo Ju. Ni fukara, na mama yake mzee hujinyima chakula ampe mjukuu. Guo Ju anamwambia mkewe: mtoto tutapata mwingine, mama hatumpati tena. Wanaamua kumzika mtoto. Akichimba kaburi, anakuta dhahabu, na wote wananusurika.

Kisa kinataka tumtazame mwenye jembe. Lakini mwandishi wa China Lu Xun alieleza mwaka 1926 kwamba utotoni kisa hiki kilimtia hofu: baba yake akifilisika, si yeye atakayezikwa? Niliposoma hivyo nikamtazama mtoto, na nikamjua.

Baba alipoanguka, mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, mdogo wangu kidato cha tatu. Kikao cha ukoo kiliisha kabla chai haijapoa. Alihitajika mtu wa kumgeuza baba kitandani, na mtoto wa kike yupo. Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Kwetu jembe halikukuta dhahabu.

Sisemi wazazi wasitunzwe. Baba aliuza ngalawa yake nilipe ada; deni lipo. Ninachouliza ni nani analilipa. Mwana Kupona, mshairi wa Pate, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, anahesabu radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Zote zinatoka juu kushuka chini. Radhi ya mdogo haimo. Hela ya dawa naituma kwa simu, dakika moja imefika. Yeye analipa kwa miaka yake, na sifa naziokota mimi.

Shangazi huniambia: mbona mwenyewe halalamiki, anafanya kwa mapenzi? Labda. Ila mapenzi ya mtu ambaye hakupewa nafasi ya kukataa, tutayapimaje? Hata mtoto wa kwenye picha halalamiki. Hajui shimo ni la nani.

Kuna namna nyingine ya kulitumia neno hili. Tukikosea tunasema "niwie radhi", na hilo haliangalii umri. Mwezi uliopita nilipanda basi Mbagala, nikashuka Nangurukuru, nikachukua bodaboda hadi nyumbani. Nilimkuta anakoroga uji wa baba.

"Niwie radhi," nikamwambia.

"Kwa lipi, kaka?"

"Kwa siku ile ya kikao."

Aliendelea kukoroga mpaka nikadhani hatajibu. Kisha akaniuliza mambo mawili: kujisajili mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea ni shilingi ngapi, na siku atakazokuwa darasani, nani atamgeuza baba?

La kwanza nilimjibu palepale. Jibu la pili pia nilikuwa nalo, ndiyo maana nilichelewa kulitoa.