Gari Likivuta Kulia, Chunguza na Kushoto

Mfanyabiashara mmoja wa mboga kule Lushoto alikuwa na pikapu ya zamani aliyoipenda na kuitunza. Oili ya injini hakuichelewesha, wala matairi hakuyaacha yaishe hadi kuwa kipara. Aliteremka nayo hadi Mombo na shehena ya kabichi na karoti, kwa ile barabara ya kona nyingi inayopita Soni. Nasimulia yaliyompata kwa sababu hakuwa mzembe. Kosa lake ni la aina ambayo mimi nawe tunaweza kulifanya kesho.

Lilianza kidogo kidogo. Akikanyaga breki, pikapu ilivuta kulia. Akasema ni ulalo wa barabara. Akajifunza kuushikilia usukani kushoto kila anapofunga breki, na baada ya muda mikono ikazoea hata akasahau kwamba kuna tatizo. Mazoea yana taabu, ndugu zangu. Ugonjwa haukupona, dereva ndiye aliyeacha kuuhisi.

Dalili ya pili ilijitokeza gereji. Pedi za gurudumu la mbele kulia zilikuwa zimelika hadi kukaribia chuma, za kushoto zikiwa bado nene. "Mzee, hizi za kushoto nzima kabisa," fundi akamwambia. "Tubadilishe za kulia tu, upunguze gharama." Wote wawili wakafurahi. Hakuna aliyejiuliza: magurudumu haya yanapita njia moja na kukanyagiwa pedali moja, sasa kwa nini moja lile pedi na jingine lisile? Pedi nene ya kushoto haikuwa akiba. Ilikuwa haifanyi kazi.

Dalili ya tatu aliigundua mpwa wake, aliyekuwa utingo. Walipofika Mombo alisema, "Mjomba, gurudumu la kulia linanuka kuungua, la kushoto limepoa." Akajibiwa kwamba breki za mlimani lazima zinuke. Baadaye mzee alilipia alaimenti, ingawa pikapu ilipotembea bila breki ilinyooka vizuri. Jambo hilo peke yake lilitosha kumwonyesha kwamba shida aitafute kwanza kwenye breki.

Siku ya tukio kulikuwa na manyunyu. Chini ya Soni, bodaboda ilitokeza ghafla kwenye kona. Mzee alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, na safari hii mikono haikuwahi. Pikapu ilichepuka kulia, ikavuka upande wa magari yanayopanda, ikagonga ukuta wa mlima. Ashukuriwe Mungu, hapakuwa na gari lililokuwa likipanda. Mpwa alivunjika mtulinga.

Pikapu ilipofunguliwa, breki ya kulia ilikutwa nzima. Mbovu ilikuwa ya kushoto: mpira wa kuzuia vumbi ulichanika, maji yakaingia, pistoni ikaganda kwa kutu ndani ya kalipa. Pedali ikikanyagwa, kulia kunabana sawasawa, kushoto kunagusa tu, na gari linageukia kule kunakobana. Kwa hiyo gari likivuta upande mmoja wakati wa breki, tusikimbilie kuulaumu upande huo. Mara nyingi mgonjwa yuko ng'ambo ya pili.

Kuna hali iliyo kinyume. Ukiachia pedali na gari likaendelea kuvuta au kuwa zito, basi breki ya upande huohuo haiachii. Huenda pistoni au pini za kalipa zimekwama, au hosi ya breki imevimba kwa ndani kwa uzee: mafuta yanapita ukikanyaga, kisha yanashindwa kurudi. Kwa nje hosi hiyo yaweza kuonekana nzima. Fundi makini hulijua hilo kwa kulegeza nipo ya kutolea upepo gurudumu likiwa limeganda. Likizunguka mara moja, hosi ndiyo ya kushukiwa. Likiendelea kuganda, achunguze kalipa na pini zake.

Tuanze na yasiyo na gharama. Pima upepo wa matairi ya mbele, uwe sawa pande zote mbili. Tembea kidogo ukifunga breki kwa kawaida, kisha simama mahali salama na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kugusa diski. Joto likitofautiana sana, umepata pa kuanzia. Ndipo fundi ainue gari, aliegemeze kwenye stendi na si kwenye jeki pekee, azungushe kila gurudumu, aangalie kama grisi au mafuta ya breki yamevujia pedi, na atikise bushi na viungo vya usukani, kwa maana vikilegea navyo huvuta gari breki inapofungwa.

Mafuta ya breki nayo tusiyasahau. Hufyonza unyevu kutoka hewani, na unyevu huo huleta kutu ndani ya kalipa. Pia hupunguza uwezo wa kuhimili joto: kwa kiwango cha DOT 3, mafuta mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kikomo hicho hushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu tofauti hiyo ni kubwa. Kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 ni desturi nzuri.

Pedi hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, hata kama za upande mmoja zinaonekana mpya. Fundi akimaliza, mwombe akupe zile za zamani, uzipange kulia na kushoto, ulinganishe unene kwa macho yako. Zikitofautiana sana, usichukue ufunguo wa gari mpaka akueleze kwa nini.