LUPANGO, MNARA WA SIMU NA HAKI YA YATIMA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ama baad. Ndugu Waislamu, mcheni Allah katika mali zenu kama mnavyomcha katika swala zenu. Watu wa kampuni huja Katuba, Kenya na Ruashi kuomba pembe ya lupango wasimike mnara wa simu, wakitaja kodi kwa dola. Kukodisha ni halali, wala hatumwambii mtu akatae riziki. Lakini ulizeni kwanza: lupango ni wa nani?

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 iliufanya udongo kuwa mali ya Serikali. Raia hupewa haki juu yake, na ushahidi wa haki hiyo ni sertifika ya konservateri. Wengi tunayo karatasi ya mauzo tu, au sertifika ingali na jina la baba aliyekwisha kufa. Kaka mkubwa anatia sahihi peke yake, anakula kodi miaka mitano, na mama mjane hajui hata bei. Siku dada zake wakienda tribinali, kampuni itamgeukia yeye aliyejiita mwenye lupango. Na ipo hukumu nzito kuliko ya tribinali. Kodi ya lupango wa marehemu ni ya warithi wote, na mafungu yao Allah ameyapanga Mwenyewe katika Surat an-Nisaa. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 10, limo onyo kwa mla mali ya yatima.

Tena andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kontra huja kwa Kifaransa, kurasa nyingi. Tafuteni msomaji mwaminifu. Atazame kama kampuni inaweza kumpa mwingine kontra hiyo: Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010, Tigo ilinunuliwa na Orange mwaka 2016. Iandikwe nani atang'oa chuma muda ukiisha, nani atalipa ushuru wa Serikali, na nani atamfidia jirani bati likitobolewa. Sheria ya 30 Julai 1888, kifungu cha 258, inamtaka aliyesababisha hasara ailipe. Lakini jirani atagonga kwanza mlango wako.

Mwenye kontra ambayo hajaitia sahihi abaki baada ya swala, wazee wamsomee. Aliyekwisha kutia sahihi juu ya lupango wa marehemu awaite warithi wenzake kabla kodi nyingine haijaingia.

Wabillahi tawfiq.