Homa ya Jumatatu

Katika nyumba nyingi zenye kijana mlevi kuna homa inayoshika kila Jumatatu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu inaita. Ni msimamizi wa ghala, au fundi mkuu wa karakana, anauliza kijana yuko wapi. Mama anatoka nje kwanza, maana mkoromo wa chumbani unasikika hadi sebuleni. Anasalimia, anasema mwanawe ameamka na homa, malaria ya safari hii imemkamata vibaya, kesho Mungu akijalia atafika. Akishakata simu anarudi ndani, anafuta matapishi, analoweka shuka, na kabla ya saa tatu ameshapita dukani kwa Mangi kulipa deni lililoandikwa kwenye daftari kwa jina la kijana. Kijana mwenyewe ana miaka 31 na ndevu kidevuni. Nimemtaja mama kwa sababu mara nyingi ndiye anayepokea simu. Baba naye yumo, ila kazi yake katika jambo hili huwa ni kunyamaza, na kunyamaza huko ni nusu ya uongo ule ule.

Watu wakizungumzia wajibu wa mzazi kwa mtoto mtu mzima aliyezama kwenye pombe, huuliza kama bado anao. Naona swali limekosewa. Wajibu upo, cha kuuliza ni wajibu wa nini. Mzazi hadaiwi ulevi wa mwanawe, wala hadaiwi kupona kwake, kwa sababu vyote viwili haviko mikononi mwake. Kilichoko mikononi mwake ni ile simu ya asubuhi. Anachodaiwa mzazi wa mtu mzima ni kuacha kuuficha ulevi huo: kwa mwajiri, kwa daktari, kwa watoto wengine, kwa wakwe watarajiwa, na kwa mlevi mwenyewe, ambaye akiamka saa sita mchana anakuta kila kitu kimesafishwa kana kwamba usiku haukutokea.

Najua kwa nini tunaficha. Lugha yetu ina methali za kutosha kumtia mzazi hatiani: samaki mkunje angali mbichi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zimetungwa kumwonya mwenye mtoto mdogo, na kwa kazi hiyo zinafaa sana. Tunazigeuza hukumu tunapomsomea mzee wa miaka 65 ambaye samaki wake amekauka zamani. Ushahidi wenyewe hauungi mkono hukumu hiyo kwa urahisi tunaoufikiria. Tafiti za mapacha na za watoto waliolelewa na wasio wazazi wao wa kuwazaa, zilipojumlishwa pamoja mwaka 2015, zilionyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika hatari ya uraibu wa pombe inatokana na urithi wa damu. Ndiyo maana watoto wanne wa tumbo moja, waliokula sahani moja na kuchapwa kwa fimbo moja, wanaweza kunywa wote harusini na mmoja tu akashindwa kurudi. Nusu iliyobaki nayo haikujaa malezi matupu. Mzazi aliyelea miaka ya tisini siye aliyeitia pombe kali kwenye vipakiti vya plastiki vya kuingia mfuko wa shati, vikauzwa vibandani na stendi za mabasi kwa bei ambayo hata mbeba mizigo angeimudu, hadi Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 400 duniani walikuwa na matatizo yatokanayo na pombe, na milioni 209 kati yao walikuwa wategemezi kabisa. Idadi hiyo haiwezi kutokana na mama milioni 400 walioshindwa kulea.

Haina maana kwamba kila mzazi hana kosa. Wapo waliomtuma mtoto wa miaka saba kufuata bia na kumwachia povu alambe, wakacheka. Lakini hata kwa hao, hatia ya jana ni mshauri mbaya wa leo. Mzazi anayejiona mkosaji hulipa fidia, na fidia iliyo karibu zaidi ni noti ya elfu kumi, deni la Mangi na homa ya Jumatatu. Yaani analipia kosa la zamani kwa kuongeza jipya.

Sheria haimsaidii sana hapa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na majukumu inayompa mzazi kwa sehemu kubwa yamefungwa ndani ya umri huo. Nyumbani hakuna anayeishi kwa hesabu hiyo. Hivyo majirani na ndugu wanagawanyika kambi mbili. Kambi moja inasema mfukuze, mtu mzima ajibebee, dunia itamfunza. Nyingine inasema vumilia, damu nzito kuliko maji, funika kombe mwanaharamu apite. Kila kambi inainyooshea nyingine kidole kwa ukatili au kwa ulegevu, na zote zinadhani njia ziko mbili tu.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, katika jimbo la New Mexico, walichapisha jaribio ambalo naliona linafaa kujulikana na kila familia yenye mlevi asiyetaka tiba. Walichukua ndugu na wenzi 130 wa walevi waliokataa kutibiwa, wakawagawa makundi matatu, kila mmoja akapewa mafunzo ya kama saa 12. Kundi la kwanza lilifundishwa njia ya Al-Anon, chama cha ndugu wa walevi, kinachofundisha kwamba huna uwezo juu ya mnywaji na ujitunze mwenyewe. La pili liliandaliwa kwa kikao cha kumkabili mlevi, ukoo mzima umemzunguka. La tatu lilifundishwa namna ya kuishi naye kila siku kwa utaratibu mwingine. Kundi la kwanza liliwafikisha kwenye tiba walevi 13 katika kila 100, la pili 30, na la tatu 64. Ni haki kusema kwamba Al-Anon haidai kumpeleka mlevi hospitali. Inamhudumia ndugu, na ndugu wa makundi yote matatu walipata nafuu wao wenyewe. Lakini lipo jambo la ndani zaidi katika matokeo yale: wazazi walifanikiwa kuwaleta watoto wao kuliko wake na waume walivyowaleta wenzi wao. Watafiti hawakuhitaji kuambiwa kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Walihesabu tu, wakakuta mzazi ana nguvu ambayo wengine hawana. Anayesema mtoto akishakuwa mtu mzima mzazi hana tena neno, ana hilo la kujibu.

Utaratibu wenyewe wa kundi la tatu hauna muujiza. Mlevi akiwa mzima, siku hiyo kaa naye, kula naye, mtume kazi, mcheke pamoja, nyumba iwe na raha ya kuonekana. Akirudi amelewa, raha hiyo iondoke bila kelele: usigombane na mtu asiyesimama, zima taa ukalale. Na matokeo ya pombe yaache yamfikie mwenye pombe. Alichotapika atafuta yeye. Mwajiri akipiga, simu anapelekewa mwenyewe. Mangi aambiwe mapema, kwa heshima, kwamba daftari lile halitalipwa tena na mtu mwingine. Chakula cha usiku apewe, kwa sababu tumbo la mlevi ni la mwanadamu, na akiumwa atibiwe. Pesa taslimu hapana. Nani hajui elfu tano ya nauli inavyopotea kati ya mlango na barabara?

Kuna namna moja ya kuficha ambayo siioni ikisemwa vya kutosha, na ndiyo mbaya kuliko zote: muozesheni, atatulia. Ukoo unakaa kikao, mshenga anatumwa mkoa mwingine ambako habari hazijafika, mahari inachangwa haraka, na kijana anaoshwa, ananyolewa, anavalishwa suti na kuwekwa kwenye kochi kwa saa nne bila kunywa. Mikono ikitetemeka wanasema ni haya. Binti wa watu anaingia nyumba asiyoijua, na baada ya mwezi mmoja simu ya asubuhi imehamia kwake. Ndoa haimtibu mraibu. Ingekuwa inatibu, walevi wenye wake wasingekuwepo. Kinachofanyika ni wazazi kumkabidhi mgeni mzigo uliowashinda wao wawili, tena bila kumwambia uzito wake. Hapo wajibu wa mzazi kwa mwanawe umegeuka dhuluma kwa mtoto wa mwenzake, na wakwe wakija juu baadaye wakisema walidanganywa, wana haki yote.

Kuficha kwingine huja na sura ya tiba. Kwenye nguzo za umeme kuna matangazo ya dawa ya kuachisha pombe bila mhusika kujua, unatia kwenye uji au chai. Nyingine ni majani yasiyojulikana. Nyingine yaweza kuwa dawa halisi ya hospitali, disulfiramu, ambayo mtu akiimeza kisha akanywa pombe uso unawaka, moyo unaenda mbio, na shinikizo la damu laweza kuporomoka hadi akaanguka. Daktari humpa mtu anayeijua na aliyekubali. Kumnywesha mtu kwa siri ni kumtegea. Wengine humfungia chumbani wiki nzima atoke safi. Mnywaji wa kila siku wa miaka mingi akikatishwa ghafla, arosto ya pombe inaweza kuleta degedege, na ndani ya siku 2 au 3 kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Kufuli la baba halitoi dawa ya kutuliza wala vitamini ya mishipa ya fahamu, hospitali inavyo.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwenye dini na adabu zetu. Tumefundishwa kusitiriana. Anayetangaza aibu ya mwanawe barazani huku akisema anajenga ukweli, anafanya uovu, na mimi sina la kumtetea. Lakini sitara ina mipaka iliyo wazi hata kwa mtu wa kawaida. Tunamsitiri mtu kwa wambea. Hatumsitiri kwa daktari, wala kwa mtu ambaye siri hiyo itamuumiza. Mama hana haja ya kumwambia msimamizi wa ghala kwamba mwanawe ni mlevi. Inatosha kusema, “Yupo ndani, muulize mwenyewe.” Kombe linabaki limefunikwa kwa mpita njia. Kilichokwisha ni uongo.

Halafu linakuja lile ambalo wazazi hawalisemi hadi wabaki peke yao: na akifa? Nikiacha kulipa deni wakampiga, nikimwachia matokeo akalala mtaroni, nitajisamehe? Sitajifanya kwamba swali hili lina jibu la kufariji. Anaweza kufa. Lakini anaweza kufa pia akiwa kwenye shuka safi, ini limekwisha, hajawahi hata siku moja kukutana na gharama ya anachokunywa. Wala sijasema mtaroni aachwe. Maisha yakiwa hatarini mtu anaokolewa kwanza, na akirudi na macho yanayoona ukungu baada ya gongo, anakimbizwa hospitali usiku huo huo, kwa sababu sumu ya methanoli haingoji asubuhi. Kuokoa uhai na kuokoa ulevi ni kazi mbili, ingawa saa nane usiku zinafanana sana. Na ndani ya nyumba hiyo wamo wengine: binti wa kidato cha tatu ambaye ada yake ndiyo iliyokwenda kwa Mangi, na mjukuu anayejifunza kwamba homa ni neno la kusemea mambo mengine.

Mtu atasema huko New Mexico kuna zahanati kila kona, sisi je? Kweli kabisa. Mtumiaji wa heroini ana kliniki ya methadoni Muhimbili tangu 2011, na nyingine zilifuata. Pombe ni halali, inalipiwa kodi, na mraibu wake anatafuta njia mwenyewe hadi idara ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa. Ndiyo sababu ya mzazi kujiandaa mapema. Mlevi huwa na saa yake ya kuchoka. Saa tano asubuhi, kabla hajazimua, anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono inatetemeka, anasema mwenyewe kwamba amechoka na haya maisha. Saa tisa alasiri amesahau. Mzazi aliyekwisha uliza kliniki ile iko jengo gani na inafunguliwa siku zipi, aliyetenga nauli ya watu wawili mahali ambapo kijana hapajui, na aliyekubaliana na mjomba kwamba akipigiwa ataacha kazi aje, anazo saa nne. Asiyejiandaa atazimaliza saa hizo akipiga simu kwa ndugu kuuliza hospitali gani ni nzuri.