"Itazoea Tu"

Katoro, mkoani Geita, niliwahi kupiga stori na mlinzi wa duka la dhahabu. Bunduki yake ni ya .22, ile ya risasi ndogo. Magazini yake ilichakaa, bosi akaleta nyingine ya bei chee, siyo ya waliotengeneza bunduki. Ikawa inakwamisha risasi. Bosi akasema: "Itazoea tu."

Basi jamaa kila jioni anaijaza, anazitoa, anajaza tena, ili springi ilegee. Mantiki ipo: chuma kipya hulainika kwa kutumika. Ila risasi ya .22 ina ukingo uliotokeza kwenye kitako. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ule wa chini, zinang'ang'aniana. Hapo mazoea hayatibu kitu. Unazipanga upya, na ikiendelea kukwama, unaitupa magazini.

Sasa, ni lini subira ni hekima, na ni lini ni kujidanganya? Mimi naangalia nani atalipa. Sungusungu walipoibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyeshika upinde alilinda ng'ombe wake na wa jirani. Upote ukikatika, hasara ni yake, kwa hiyo aliukagua mwenyewe. Bosi wa Katoro anahubiri subira akiwa kitandani. Anayeisubiri yuko mlangoni, usiku. Subira unayomkopea mwenzako bila ridhaa yake si subira. Ni ubahili.

Nikamuuliza: "Vipi, imeshazoea?"

Akacheka. "Mimi ndiye nimezoea, kaka. Yenyewe bado."