Hema Si Nyumba



Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukapasua tuta lake pale Kilosa, ukabomoa nyumba na kuiharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe. Maelfu ya watu wakawekwa katika mahema. Chakula kililetwa, na blanketi pia, na wakubwa wakafika kutoa pole. Hayo yote ni mema. Lakini miaka kadhaa baadaye magazeti yalikuwa bado yakiandika habari za watu wa Kilosa walalao hemani. Muda huo watosha mtoto kuzaliwa humo na kujifunza kusema, asijue neno nyumba lina maana gani.

Mwingine huchoka kungoja, akafunga mzigo wake akaenda Morogoro au Dar es Salaam. Huko kiwanja awezacho kukinunua ni kile asichokitaka mwenye fedha, yaani bondeni. Maji yaliyomtoa kwao yamngoja huko.

Desemba 2011 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na bonde la Msimbazi likajaa. Serikali iliwapa wenye nyumba wa mabondeni viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji, mahali pa juu. Wengi wakajenga. Wengine wakarudi bondeni, wakaitwa wakaidi. Mimi sithubutu kuwaita hivyo. Mama auzaye chakula Kariakoo akihamia Mabwepande, nauli yamlia faida yote kabla hajanunua unga wa watoto.

Tarehe 1 Agosti 1952 Baba Mtakatifu Pius XII, katika waraka wake Exsul Familia, aliiweka Familia Takatifu iliyokimbilia Misri iwe mfano wa wakimbizi wote. Nasi mapadre twapenda kuhubiri safari ya kwenda. Ile ya kurudi twaipita upesi. Kumbe Yosefu, aliposikia kwamba Arkelao anatawala Yudea, aliogopa kukaa huko. Akaenda Nazareti, mahali pa salama, penye kazi ya mikono yake. Vyote viwili, salama na mkate.

Tazameni basi Kimamba, mji mdogo wa reli usio mbali na Kilosa. Umezungukwa na mashamba ya mkonge yaliyopimwa zamani, na mengine katika wilaya ile yamekaa pori miaka mingi. Ardhi haikosekani. Kinachokosekana ni kiwanja mahali pakavu, karibu na soko na shule, chenye hati mkononi mwa aliyehamishwa. Kuvipima viwanja hivyo wakati wa kiangazi, kabla mvua haijaja, ni kazi ya Serikali, nasi tuna haki ya kuikumbusha.

Lakini kumtambua mhitaji ni kazi yetu. Jumuiya Ndogo Ndogo zikutanapo juma hili, mwulizeni yule aliyehamia kwenu baada ya mafuriko analala wapi, na ana karatasi gani ya mahali hapo. Mpangaji naye aulizwe. Yeye hana ukuta ulioanguka wa kuwaonyesha waandikaji wa majina, na orodha ikisomwa, mara nyingi hasikii jina lake.